Bunia: Miaka mitatu ya Kiingereza, lakini wanafunzi wanaandika lini?

Matangazo ya kazi yanayobandikwa kwenye milango ya mashirika ya kibinadamu mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, huandikwa kwa Kifaransa. Chini kabisa, karibu na tarehe ya mwisho ya kupeleka barua, mara nyingi kuna mstari ambao vijana wenye diploma wanaujua hata bila kuusoma: kujua Kiingereza ni faida ya ziada. Anayeitwa kufanya mtihani ndiye anayegundua uzito wa mstari huo. Anaweza kupewa karatasi nyeupe na nusu saa, aeleze kwa Kiingereza tukio la usalama au aandike barua kwa mfadhili. Kuongea kidogo anaweza. Kusoma anaweza. Kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, hapo biki inasimama.

Si kwamba Kiingereza hakifundishwi. Taasisi ya juu ya ualimu, ISP Bunia, inatayarisha walimu wa Kiingereza watakaokwenda kufundisha katika shule za sekondari za Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Katika vyuo vingine vya mji, kama Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu Shalom, Kiingereza kinaingia kama kozi ndani ya masomo mengine: uchumi, sheria, kilimo, maendeleo. Tatizo ni namna kozi za lugha zinavyofanyika katika vyuo vingi vya inchi yetu. Mwalimu anaandika ubaoni au anasoma silabusi, wanafunzi wananakili, na mwisho wa semesta mtihani unauliza kanuni. Mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa amejaza kaye mbili za Kiingereza bila sentensi hata kumi zilizotoka kichwani mwake.

Mwandishi wa makala haya alipita njia hiyo hiyo, katika chuo ambacho si lazima kukitaja. Alama za Kiingereza zilikuwa nzuri. Lakini barua pepe ya kwanza kwa mhariri wa nje, aya tatu tu, ilichukua jioni nzima, na jibu lilirudi likiuliza maana ya sentensi ya pili.

Dawa ninayoitetea hapa ni ndogo na haihitaji mfadhili: kila mwanafunzi aandike kwa Kiingereza kila juma, kwa mkono, maneno yake mwenyewe, juu ya jambo analolijua. Si insha moja kubwa mwisho wa mwaka. Ni maneno mia moja au mia moja hamsini kila juma, katika kaye moja ambayo haitupwi.

Ukipiga hesabu, semesta mbili za majuma kumi na tano zinatoa maneno 3,000 kwa mwaka kwa yule anayeandika maneno mia tu. Kwa miaka mitatu ni 9,000. Hicho ni kijitabu kizima. Linganisha na kurasa ambazo mwanafunzi wa leo anaandika mwenyewe kabla ya kupewa diploma.

Kwa nini kuandika, wakati mtu anaweza kusikiliza redio ya Kiingereza au kutazama filamu? Mwaka 1985 mtaalamu wa lugha wa Kanada, Merrill Swain, alichapisha uchunguzi juu ya watoto wanaozungumza Kiingereza nyumbani lakini waliosomeshwa kwa Kifaransa shuleni kwa miaka mingi. Watoto hao walielewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji. Lakini walipoongea na kuandika, makosa ya sarufi yalikuwa bado yapo, yale yale. Swain akasema kusikia na kusoma peke yake havitoshi, mtu anapaswa kulazimishwa kutoa lugha, maana ni wakati wa kuitoa ndipo anapoona pengo kati ya anachotaka kusema na anachoweza kusema. Anayesikiliza anaweza kuruka neno asilolijua na bado akaelewa habari. Anayeandika hana pa kuruka.

Kwa mtu wa Bunia pengo hilo lina mitego yake, na inafaa kuitazama karibu, sababu mingine si ya mchezo.

Sisi tunaingia katika Kiingereza tukiwa na Kiswahili mkono mmoja na Kifaransa mkono mwingine, na nyumbani pengine Kihema, Kilendu, Kialur, Kilugbara au Kibira. Chukua neno la Kifaransa "éventuellement". Maana yake ni "pengine", "ikitokea". Kiingereza kina "eventually", ambalo linafanana nalo kama pacha, lakini maana yake ni "mwishowe". Mwanafunzi anaandika: "The militia will eventually come back to the village." Yeye alitaka kusema kwamba wapiganaji pengine watarudi kijijini. Msomaji aliyeko Nairobi au New York anaelewa kwamba watarudi tu, ni suala la muda. Neno moja limegeuza tahadhari kuwa uhakika.

Au chukua "contrôler". Askari wanaosimamisha pikipiki na kuuliza kadi ya mpigakura, kwa Kifaransa chetu wanafanya "contrôle". Mwanafunzi anaandika "soldiers control the road". Kwa Kiingereza sentensi hiyo inasema askari ndio wenye kushika barabara, kwamba iko mikononi mwao. Katika jimbo ambamo swali la nani anashika barabara gani linaamua kama magari ya chakula yatatoka asubuhi au hayatatoka, hilo si kosa dogo.

Mtego unaonisumbua zaidi ni wa "yeye". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno hilo. Kifaransa kinatofautisha "il" na "elle", lakini katika "son" na "sa" kinafuata kitu kinachomilikiwa: "sa mère" ni mama yake, awe mtoto wa kiume au wa kike. Kiingereza kinafuata mwenye kumiliki: "his mother" kwa kijana, "her mother" kwa msichana. Hapo vijana wetu wanachanganyikiwa mara mbili. Katika barua kwa rafiki, msomaji atacheka na kuendelea. Katika ripoti ya ulinzi wa raia, ambapo mtu anaeleza nani alimfanyia nani ubaya, "he" na "she" zikibadilishana nafasi, aliyetendewa anaweza kusomeka kama mtendaji. Watu wanaofanya kazi na wakimbizi wa ndani wanajua kwamba ripoti kama hizo hupanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inazisoma mtu ambaye hakuwepo.

Mingine ni midogo: "since three days", "I have 22 years", "they have attacked yesterday". Inaeleweka, ila inamfanya msomaji adhani mwandishi ni mtu wa kiwango cha chini, na barua ya kuomba kazi inawekwa pembeni.

Mitego hiyo yote inaweza kuandikwa ubaoni kwa somo moja na wanafunzi wakanakili. Watajibu vizuri siku ya mtihani, na mwezi unaofuata wataandika "eventually" tena. Kosa la namna hiyo hulijui mpaka liwe limetoka katika mkono wako mwenyewe na mwenzako akakuuliza: hapa ulitaka kusema nini?

Sasa tuje kwa kizuizi chenyewe. Ukizungumza na walimu wa lugha kuhusu kuandikisha kila juma, jambo la kwanza linalosimama mbele ni masahihisho. Tuchukue darasa la watu 120, ambalo si ajabu hapa kwetu. Ukitumia dakika kumi kwa kila karatasi, ni dakika 1,200, yaani saa ishirini kwa juma, kwa kozi moja. Mwalimu ana kozi tatu au nne, pengine katika vyuo viwili, na si siri kwamba katika vyuo vyetu kuna walimu ambao wanafanya kazi miaka bila kulipwa na serikali. Kumwambia huyo asahihishe saa ishirini zaidi ni kumtukana. Basi anafanya kinachowezekana: haandikishi.

Lakini hesabu hiyo imesimama juu ya imani moja, kwamba kila sentensi inayoandikwa lazima ipitiwe na biki nyekundu. Imani hiyo ina wapinzani wa miaka mingi. Mwaka 1996 John Truscott alitoa makala iliyosema wazi kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii, hata kunadhuru, na kunapaswa kuachwa. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 akisema amekwenda mbali mno, kwamba kuna masahihisho yanayofaa yakifanywa vizuri. Mabishano yaliendelea. Mwaka 2008 John Bitchener wa New Zealand alionyesha jambo linalotugusa moja kwa moja: wanafunzi waliosahihishwa kosa la aina moja tu, matumizi ya "a" na "the", waliendelea vizuri kuliko wasiosahihishwa, na maendeleo hayo yalidumu. Kiswahili hakina vijineno hivyo kabisa. Kwa hiyo mwalimu wa Bunia anayetafuta kosa moja la kufuata kwa mwezi mzima, anaweza kuanzia hapo, na mwezi unaofuata akafuata "he" na "she".

Mimi simfuati Truscott mpaka mwisho. Mwanafunzi asiyesahihishwa kamwe atazoea kosa lake. Lakini kati ya kusahihisha yote na kutosoma chochote kuna nafasi pana. Gawanya darasa la 120 katika vikundi vinne vya watu thelathini. Wote wanaandika kila juma, mwalimu anachukua kaye za kikundi kimoja. Kwa dakika tatu kwa kaye, ni saa moja na nusu. Anasoma kwa ajili ya maana kwanza, anaandika swali moja pembeni, anapigia mstari kosa la mwezi, basi. Vikundi vitatu vingine vinabadilishana kaye wenyewe kwa wenyewe: mwenzako anasoma, anaandika chini sentensi moja akisema alichoelewa. Kama alichoelewa si ulichotaka kusema, kazi imeanza.

Paul Nation, profesa wa New Zealand ambaye vitabu vyake vinatumika sana na walimu wa Kiingereza, anashauri zoezi rahisi zaidi: kuandika dakika kumi bila kusimama, kisha kuhesabu maneno. Hakuna masahihisho. Kinachotazamwa ni kama idadi inapanda juma hadi juma. Kwa darasa lenye watu wengi na mwalimu mmoja, sioni kitu cha bei ndogo kuliko hicho. Saa ya ukutani, kaye, biki.

Mfumo mpya wa masomo unaruhusu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali ililazimisha vyuo kuacha njia ya zamani ya graduat miaka mitatu na licence miaka miwili, na kuingia katika LMD, ambapo licence inachukua miaka mitatu, kila mwaka krediti 60. Ndani ya krediti zinahesabiwa pia saa za kazi ya mwanafunzi mwenyewe, nje ya somo. Vyuo vingi bado vinatafuta namna ya kujaza saa hizo zisiwe za karatasi tu. Kaye ya kila juma inaweza kuandikwa hapo na kupewa alama kwa kigezo kimoja kisicho na ubishi: imeandikwa au haikuandikwa.

Kuna watakaosema zoezi hili limekuja kwa kuchelewa, sababu simu siku hizi inaandika. Ni kweli. Mwenye mega kidogo anaweza kuomba programu ya akili bandia imtungie insha ya Kiingereza kisafi kuliko cha mwalimu wake, na kazi za nyumbani zinazochapwa zimeanza kufanana kama ndugu. Hiyo ndiyo sababu nasema kwa mkono, darasani, dakika kumi, simu mfukoni. Sichukii programu hizo. Anayejua kuandika anaweza kuzitumia kukagua kazi yake. Asiyejua hawezi hata kuona kwamba imeweka "eventually" mahali pasipofaa, au kwamba barua yake ya kuomba kazi inafanana na za wengine hamsini walioomba nafasi hiyo hiyo.

Waandike nini? Hapa Bunia swali hili lina uzito ambao vitabu vya Uingereza havikuufikiria. Mada za kawaida za vitabu hivyo, likizo yangu, siku ya kuzaliwa kwangu, zinaweza kufika mezani kwa msichana aliyetoka Djugu akikimbia, ambaye jamaa zake walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda mwanzoni mwa mwaka 2018 na hawajarudi. Andika juu ya familia yako, mwalimu anasema. Kwake hiyo ni mada ya maombolezo. Wengine watataka kuandika hayo, na itawasaidia, wengine hapana. Kwa hiyo mada iwe mbili au tatu kila mara, na moja iwe ya kawaida kabisa: bei ya samaki kutoka Kasenyi, namna mama anavyopika sombe, kwa nini pikipiki zinajaa kwenye Boulevard de Libération saa kumi na mbili jioni.

Kuna pia suala la usalama wa kaye yenyewe. Ituri iko chini ya hali ya dharura tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, inaongozwa na gavana wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zilipewa kesi za jinai za raia. Kaye yenye maelezo juu ya kundi fulani la silaha au juu ya askari wa kizuizi fulani, ikikutwa ndani ya begi njiani, inaweza kumletea mwenyewe maneno. Na jamii zetu zimetoka katika vita ya kuuana kwa majina. Mwanafunzi anayesoma kaye ya mwenzake huenda ni wa upande ambao mwenzake anauogopa. Mwalimu anapaswa kusema wazi tangu juma la kwanza: majina ya watu na ya makundi hayaingii, na ukurasa ambao mtu hataki usomwe anaukunja, haufunguliwi na mtu. Huo ukurasa uliokunjwa bado unahesabiwa.

Jirani zetu wa Tanzania wanatupa onyo moja. Kule Kiingereza si kozi ya saa chache tu, ndiyo lugha ya masomo yote kuanzia sekondari. Hata hivyo mwaka 1984 Waingereza wawili, Clive Criper na Bill Dodd, walipopima wanafunzi, walikuta kwamba hata kwa wale wa chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio wangesoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao. Miaka ya kukaa ndani ya Kiingereza haikuwa imetosha. Mradi uliofuata, kuanzia 1987, ulipeleka katika shule za sekondari vitabu vyepesi vya kusoma, kwa wingi. Waliona kwamba mtu hawezi kupewa kazi kubwa za lugha wakati hana cha kusoma kinacholingana na kiwango chake.

Hilo linatuhusu. Kaye ya kila juma bila kitu cha kusoma itakauka kufikia juma la sita, kwa kuwa mwanafunzi atazungusha maneno yale yale mia mbili. Vitabu vya Kiingereza ni vichache mjini na mega ni ghali. Lakini nakala moja ya habari fupi, ikibandikwa ukutani Jumatatu, inasomwa na darasa zima, na dakika kumi za Ijumaa zinaweza kuijibu.

Msomaji mmoja mmoja atauliza kwa nini tujisumbue na Kiingereza, wakati Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Swali ni halali. Binafsi ningependa kuona vijana wetu wakiandika Kiswahili kila juma pia, maana hata hicho tunakiandika kila mtu kwa njia yake. Lakini tarehe 8 mwezi wa nne 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi mjini Nairobi mkataba wa kuingiza inchi yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 137, unataja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano inayopaswa kuendelezwa. Mfanyabiashara wa Bunia anayeleta bidhaa kutoka Kampala au kupitia Arua ataongea Kiswahili sokoni, lakini karatasi zake za upande wa pili wa mpaka ni za Kiingereza. Jeshi la Uganda liko Ituri katika operesheni ya pamoja na FARDC iliyoanza mwezi wa kumi na moja 2021, na liliingia Bunia yenyewe mwezi wa pili 2025. Siku raia atakapokuwa na malalamiko juu ya jambo lolote linalohusu upande huo, barua itakayoeleweka haraka Kampala ni ya Kiingereza, na itahitaji mtu wa hapa wa kuiandika vizuri.

Nafasi za kazi nazo zimebana. Baada ya Marekani kusimamisha sehemu kubwa ya misaada yake mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi ya mashariki yalipunguza watu. Wanaobaki wanaombwa kufanya kazi za wawili, na kuandika ripoti ni mojawapo.

Swali ni nani aanze. Kungoja mabaraza ya vyuo vyote yakubaliane ni kungoja sana, hasa kwa kalenda zetu za masomo zinazokatwa na migomo na usalama mdogo. Kaye ina faida hapo: darasa likifungwa mwezi mzima, kaye haifungwi. Mwalimu mmoja mwenye kozi moja anaweza kuanza juma lijalo bila ruhusa ya mtu.

Na kabla ya walimu, kuna klabu za Kiingereza ambazo vijana wa miji yetu wanaziendesha wenyewe, mara nyingi Jumamosi, katika darasa la kuazima au uwanja wa kanisa. Wanajadiliana, wanacheka, wanazoea kusimama mbele ya watu. Karibu yote hufanyika kwa mdomo. Klabu ikiweka dakika kumi za kwanza ziwe za kimya, kila mmoja na kaye yake, kisha mjadala uanze na kile walichoandika, haitapoteza chochote. Waliochelewa na mvua wataandika zao mlangoni kabla ya kuingia.